Naomba ushauri: maji, ibada na mama mkwe, vyote Jumapili

Hamjambo ndugu zangu. Tunaishi Kayole, Nairobi, na mgao wa maji mtaani kwetu umeangukia Jumapili asubuhi. Mfereji hutoa uzi mwembamba. Mtungi wa lita 20 haujai mpaka uji uchemke na kupoa. Usipokinga siku hiyo, wiki nzima unanunua ya mkokoteni.

Ibada ya Kiswahili ndiyo ya kwanza, na mimi naimba kwaya, siwezi kuingia mahubiri yameanza. Tukitoka tu, mama mkwe anatusubiri Kangemi: matatu hadi katikati ya jiji, kisha nyingine ya kupanda Waiyaki Way. Ameshapika, ameita na mashemeji. Tangu baba mkwe atutoke, kuwaona wajukuu ndiyo furaha yake, nami nampenda kwa dhati. Lakini tunarudi usiku, sare za shule zingali kwenye beseni.

Mume wangu anasema niongee na mama mwenyewe. Mimi naona mtoto wake ndiye wa kuanza, maana neno la mkaza mwana husikika vibaya hata likiwa jema. Nawaza tumwombe aje kwetu Jumapili nyingine, alale kabisa. Jumamosi haiwezekani, ana chama cha akina mama kanisani kwake.

Mliopitia haya, mlianzaje mazungumzo bila mzazi kuhisi anasukumwa kando? Na mnaonaje kumwachia jirani ufunguo anikingie maji nikiwa kanisani?