Paddy Mayne, mchezaji raga wa SAS: kwa nini alinyimwa Victoria Cross?

mtoto_wa_bandari
Wakuu habari za jioni. Kuna mtu humu anamfahamu vizuri huyu Blair Mayne, wengi wanamwita Paddy? Najua alichezea raga timu ya Ireland, afu vita ya pili ya dunia akawa kamanda wa SAS, kile kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, nishani ya DSO (ya maafisa waliofanya vizuri vitani) kapewa mara nne, lakini Victoria Cross (VC), nishani ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza, hana. Kila nikiuliza naambiwa alikuwa mlevi na mgomvi ndo maana wakubwa wakambania. Ni kweli au porojo?

Mzee wa Skramu
Tuanze uwanjani maana watu huwa wanaruka hapo. Jamaa kazaliwa Newtownards 1915, kasoma sheria Queen's pale Belfast, na ndondi za uzito wa juu alipiga vilevile. Kwenye raga alikuwa lock, yale majitu ya safu ya pili, mechi sita za Ireland kati ya 1937 na 1939. Mwaka 1938 Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, wakaenda naye Afrika Kusini akacheza mechi 20 zikiwemo test (mechi dhidi ya timu ya taifa) zote tatu, kwa hiyo hakuwa msindikizaji yule. Series walipoteza ila test ya mwisho Cape Town walishinda. Zile stori za kuvunja fanicha hotelini mie nazipokea nusu, kila anayesimulia anatia chumvi yake.

Kiboko255
Sasa vita. Novemba 1941 alikuwemo kwenye shambulio la kwanza kabisa la SAS, wakarushwa na parachuti usiku kwenye dhoruba huko Libya, zaidi ya nusu hawakurudi, na rafiki yake kipenzi Eoin McGonigal akafa. Mwezi uliofuata tu jamaa yuko uwanja wa ndege wa Tamet analipua ndege za adui zikiwa zimepaki. Stirling, mwanzilishi wa SAS, alipotekwa 1943 Mayne ndo akashika usukani, Sicily, Italia, mpaka Ujerumani. Tarehe 9 Aprili 1945 karibu na Oldenburg vijana wake wakanaswa mtaroni, risasi zinatoka kwenye nyumba, yeye akaingia na jeep katikati ya moto, afisa mwenzake kwenye bunduki, wakawanyamazisha wale afu akawabeba majeruhi mmoja mmoja. Kwa hilo alipendekezwa VC, huko juu ikakatwa ikawa DSO ya nne.

mtoto_wa_bandari
Duh. Kwa hiyo pombe haihusiki?

Mzee wa Skramu
Kunywa alikunywa, na akilewa ulikuwa unakaa naye mbali. Ila fikiria, mtu unayemwona mhuni unamkabidhi rejimenti nzima na DSO tatu juu? Hapo hoja ya ulevi mie hainiingii. Mwaka 2005 wabunge zaidi ya 100 Uingereza walisaini hoja apewe hiyo VC, serikali ikagoma.

bi_mdogo
Mie kinachoniuma ni baada ya vita. Alikwenda kwenye msafara wa utafiti huko Antaktika, mgongo ukamrudisha, na raga ndo basi tena. Akaishia ofisini, katibu wa chama cha wanasheria Ireland ya Kaskazini. Desemba 1955 akafa kwa ajali ya gari usiku hapohapo Newtownards, miaka 40 tu.

mtoto_wa_bandari
Asanteni sana. Hiyo ya Antaktika sikuwahi kuisikia popote, bi mdogo ukipata nafasi ishushe kwa kirefu.