Mrejesho: Mfumo wa takwimu kiwandani kwetu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama tununue Power BI, programu ya kuchambua takwimu na kutoa ripoti, moja kwa moja hapa kiwandani, Vingunguti, tunakotengeneza ndoo na madumu, maana ripoti za stoo, uzalishaji na mauzo zilikuwa hazikubaliani hata siku moja. Mkaniambia nisafishe data kwanza. Asanteni sana, mmeniokoa.

Stoo peke yake, malighafi moja ya plastiki ilikuwa na majina matatu: "HDPE", "H.D." na "chenga nyeupe". Wiki tatu nimekaa na mtunza stoo, mama mvumilivu kweli, tukaipa kila malighafi namba yake moja. Kufunga programu yenyewe kulikuwa kazi ndogo ukilinganisha na hiyo.

Tukaanza na laini moja tu ya uzalishaji. Zamani msimamizi wa zamu ya usiku aliandika daftarini "mashine ilisimama", basi. Sasa anachagua sababu: umeme, kubadilisha moldi (kalibu inayoipa plastiki umbo), malighafi kuchelewa. Sote tulikuwa tunalaumu umeme, kumbe muda mwingi unapotelea kwenye moldi!

Kilichomshtua bosi ni OEE, kipimo cha ufanisi wa jumla wa mashine. Muda wa mashine kufanya kazi, kasi na ubora vinazidishwa, havijumlishwi; kila kimoja kikiwa asilimia 90, unabaki na kama 73 tu. Alichukua kikokotoo akapiga hesabu mwenyewe, mara mbili.

Watu wa mauzo bado hawajaingia. Meneja wao ameijenga Excel yake kwa miaka na anaiamini, namwelewa kabisa. Jumatatu nakaa naye.