Wareno wa nje wabunge 4 tu kati ya 230, ni haki au danganya toto?

Wadau naomba tujadili hili bila matusi. Mimi nabeba boksi Uswisi, nafanya usafi na mama mmoja Mreno, sasa uchaguzi wao wa Mei 2025 nilimuona anapiga kura tukiwa tumekaa tunakunywa kahawa. Kaikunja karatasi, kaitia kwenye bahasha ya kijani, ya kijani kaisokomeza ndani ya nyeupe, halafu kakimbilia mashine ya kazini kutoa kopi ya kitambulisho maana bila hiyo kopi kura haihesabiwi.

Nikamuuliza mama yote hii mnapata wabunge wangapi, akanionyesha vidole vinne. Wawili wa Ulaya, wawili wa dunia nzima iliyobaki, yani Brazil, Kanada, Venezuela, Afrika Kusini, Marekani wote hao wawili! Wapiga kura walioandikishwa nje ni kama milioni 1 na nusu. Piga hesabu: mbunge mmoja wa nje anabeba karibu watu laki 4, wa ndani elfu 40 hivi. Kura ya yule mama ni sehemu ya kumi ya kura ya dada yake aliyebaki kijijini.

Na hawa si watu waliotoka kwa raha zao. Baba yake alivuka milima kwenda Ufaransa kwa magendo miaka ya 60, enzi za Salazar yule dikteta wa Ureno, akikimbia umaskini na kupelekwa vitani Afrika (vita ambavyo sisi tunavijua kwa upande wa Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa Nachingwea). Wenzake walikua wanachana picha vipande viwili, nusu inabaki na familia, nusu anaondoka nayo msafiri, akifika anaituma ndo msafirishaji analipwa hela yake. Nchi iliyokufukuza hivyo leo inakupimia kura kwa kijiko? Mimi nasema waongezewe.

— Mleta mada unakuza mambo. Hao milioni na nusu wengi hawakuomba, tangu 2018 ukiwa na kitambulisho chenye anwani ya nje unaandikishwa moja kwa moja tu. Wanaopiga kura hawafiki hata robo. Mtu yuko Toronto miaka 40, kodi Ureno halipi, hospitali za huko hatibiwi, ampangie bibi wa Bragança huko Ureno nani amtawale? Wanne wanatosha sana.

— Mkuu hiyo robo unawalaumu bure. 2022 kura zaidi ya 157,000 za Ulaya zilifutwa, kama asilimia 80 ya zote, kisa zenye kopi ya kitambulisho zimechanganywa na zisizo na kopi kwenye boksi moja. Mahakama ya Katiba ikaamuru Ulaya warudie. Ukitendewa hivyo utakua na hamu tena? Na habari ya kodi, wanatuma nyumbani zaidi ya yuro bilioni 3 kila mwaka, Uswisi na Ufaransa ndo zinaongoza. Kaskazini ya Ureno mwezi wa 8 magari yote plate za Ufaransa na Uswisi, ikifika wa 9 madirisha yanafungwa mpaka mwakani.

— Afadhali wao jamani. Kenya tangu 2013 walio nje wanapigia rais tu, Bongo ndo kabisa hakuna kitu.

— Mbona hamsemi matokeo? Usiku wa uchaguzi huo wa 2025 vyama vya Chega na Wasoshalisti vilikua na wabunge 58 kwa 58. Kura za nje zilipohesabiwa Chega wakaokota wawili, wakafika 60, wakawa wa pili bungeni. Chama kinachopiga kelele wahamiaji wamezidi kinapandishwa na wahamiaji! Mnataka waongezewe hao?

— Mleta mada tena. Hilo limenichoma hata mimi sikatai, mtu baba yake kavuka mpaka usiku bila karatasi leo anamfungia mwenzake mlango. Ila ndugu, haki ya kura hatuangalii mtu kampa nani, la sivyo na wa Lisbon tuwapunguzie wakikosea. Yule mama nilimuuliza kampa nani. Akailamba bahasha, akaifunga, akaniambia kahawa yangu inapoa.