PSA 3.1 nikiwa na miaka 58: nitulie au niende Mombasa?

FundiNakshi
Asalaam aleikum wakuu. Nina miaka 58, niko Malindi. Wiki iliyopita kulikuwa na kambi ya afya hapa mjini, nikatobolewa kidole, baada ya robo saa nikapewa karatasi ya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume: 3.1. Kijana aliyenipima akasema chini ya 4 ni salama, rudi mwakani. Mkojo siku hizi si mbaya, usiku naamka mara moja tu. Lakini roho haitulii. Shemeji yangu ameshikilia kuwa bila kidole cha daktari, kile cha njia ya haja kubwa, sijapimwa. Je, ni lazima? Hilo tu.

Kaskazi
Wanaume wa Pwani na kidole! Nusu dakika tu: unalala ubavu, magoti unayavuta kifuani, daktari ana glavu na mafuta. Anatafuta kinundu, au upande mmoja mgumu kuliko mwenzake. Anachogusa ni nyuma ya tezi. Uvimbe ulioko mbele haufikii. Kwa hiyo kidole peke yake hakitoshi, na damu peke yake haitoshi. Aibu waachie wari.

PundaWaMkomani
Na sisi wa Lamu tunaopanda punda, PSA nayo inapanda?

MamaMaabara
Jibuni swali la mtu. Kaka, ulielezwa masharti kabla ya kupimwa? Kwa PSA hakufungwi chakula, kinachofungwa ni kitanda: siku mbili bila kumwaga manii. Maambukizi ya mkojo yanaipandisha sana. Yakishatibiwa ngoja kama wiki 6. Aliyewekwa mpira wa mkojo naye angoje vivyo hivyo. Halafu, "siku hizi si mbaya" maana yake zamani ilikuwa mbaya. Nini kimeibadilisha? Unameza dawa gani?

FundiNakshi
Dawa si hoja hapa. Ni za kawaida, za duka la dawa. Na muarobaini kidogo.

MamaMaabara
Soma pakiti utuandikie.

FundiNakshi
Haya. Moja ni tamsulosin, nyingine finasteride 5 mg. Mwaka na miezi miwili sasa. Nilinyamaza kwa sababu najua mtaniuliza nani aliniandikia. Hakuna aliyeniandikia, lakini zimenifaa. Na hiyo finasteride nimeshaiacha, leo siku ya nne, Jumatatu napima tena nipate namba ya kweli. Baadaye naenda Lamu, nimeshika advansi ya milango miwili ya nakshi, kazi ya miezi minne. Mombasa labda nikirudi.

MamaMaabara
Hapo ndipo mambo yalipo. Tamsulosin inalegeza misuli ya njia ya mkojo, PSA haiigusi. Finasteride inasinyaza tezi yenyewe, na mtu akiitumia miezi 6 hadi 12 PSA hushuka kama nusu. Kwa hiyo 3.1 yako isome mara mbili: karibu 6.2. Ile 4 ya kijana wa kambi ni ya mtu asiyemeza kitu, na kwa miaka ya hamsini wengi hutumia 3.5.

Kuacha siku nne hakukupi namba ya kweli. PSA hurudi taratibu, kwa miezi. Jumatatu utapata namba isiyo ya dawa wala isiyo ya bila dawa, na hakuna daktari atakayejua aizidishe kwa ngapi. Endelea na kidonge, pima hivyo hivyo, zidisha. (Na nyumbani kama kuna mjamzito, asishike kidonge kilichovunjika.)

Kaskazi
Kuna mzee Kisumu Ndogo alizidisha vidonge vya presha badala ya hesabu...

JichoLaPweza
Ngojeni. Mimi huyu simwamini. Kile kibao cha kambi, tone la damu na mistari miwili, kinasema tu uko juu au chini ya 4. Nukta moja imetoka wapi? Kwanza hana dawa, kisha ana mbili, kisha muarobaini. Kesho mtaambiwa muarobaini ndio ulioshusha, na namba ya simu ya muuzaji chini yake.

FundiNakshi
Wallahi siuzi hata jani. Kibao kiliingizwa kwenye mashine ndogo yenye kioo, ikatoa karatasi nyembamba kama risiti. Kama ni uongo, ni wa mashine.

TabibuMstaafu
Mashine hizo zipo, zinasoma rangi ya kibao na kutoa namba. Pweza ana haki ya kushuku, ila hapa amekosea. Hata hivyo namba ya mashine ya kambi usiilinganishe na ya maabara. Vipimo vya watengenezaji tofauti hutofautiana. Chagua maabara moja, ubaki nayo. Ultrasaundi umewahi kupigwa? Na baba yako alifariki kwa nini?

FundiNakshi
Ultrasaundi mwezi uliopita, tezi mililita 38. Marehemu baba alikufa kwa mgongo, si tezi. Miguu ilikufa ganzi, akawa hainuki. Alikuwa na miaka 61.

TabibuMstaafu
Saratani ya tezi dume ikisambaa hupenda mifupa, uti wa mgongo hasa, na ikiubana miguu hufa ganzi hivyo hivyo. Sisemi ndiyo iliyomchukua. Nasema maneno hayo umpe daktari kama ulivyoyaandika.

Sasa hesabu, PSA kwa ukubwa wa tezi: 6.2 gawa kwa 38 ni 0.16. Mstari unaoangaliwa ni 0.15. Ni makadirio tu, maana dawa imepunguza ukubwa pia. Kabla ya Lamu: mkojo upimwe maambukizi, PSA ya maabara, na damu itolewe kabla ya kidole. Ikirudi vile vile, ufuate MRI, picha ya sumaku, Mombasa. Hutoa alama za shaka ya saratani, 1 hadi 5. Kwa 4 na 5 hukatwa vinyama kwa sindano, 3 hutazamwa pamoja na mengine, kama hiyo 0.15 na habari za baba. Sindano ikipita njia ya haja kubwa, hatari ni maambukizi. Ikipita ngozi ya kati ya korodani na mkundu, hatari hiyo ni ndogo. Unatumia aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda? Sema mapema. Una kipande cha chuma jichoni au mwilini? Sema kabla ya MRI, wewe fundi.

MamaMaabara
Na usidhani utaitoa damu Lamu itumwe tu. Kwa PSA ya jumla hakuna shida kubwa. Wakikuandikia na PSA huru, ile isiyoshikana na protini za damu, maji ya damu yatengwe ndani ya saa tatu na yakae kwenye baridi. Ikivushwa Mokowe na kupanda basi juani, PSA huru inaoza mapema kuliko ya jumla, asilimia yake katika ya jumla inashuka, unaambiwa una hatari usiyokuwa nayo. Chini ya asilimia 10 inatisha, juu ya 25 inatuliza. SHA nayo, bima ya afya ya serikali, uliza hospitali kabla inalipia nini.

PundaWaMkomani
Punda wangu je?

Kaskazi
Mshuke siku mbili, na baiskeli pia. Wataalamu wanabishana, ila siku mbili hazikuui.

FundiNakshi
Nimempigia mwenye milango, amekubali wiki mbili. Advansi nusu nimeshaila. Kidonge nirudie leo usiku?

MamaMaabara
Leo, kimoja, si vinne vya kufidia. Mwambie daktari uliruka siku nne, na pakiti zote mbili zibebe.