Naomba ushauri: mabati yanadondosha maji usiku, na mvua hakuna

Habarini wadau, poleni na kazi. Niko Kabale, Uganda, huku juu kama mita 2,000 baridi ya usiku si mchezo, sasa nimejenga nyumba ndogo nikitaka jua ndo lipashe joto badala ya kuchoma makaa ndani. Dirisha kubwa la kioo nimeliweka mashariki (tuko karibu na ikweta, jua la mchana linapita utosini halisaidii madirisha), nyuma yake ukuta mnene wa tofali za kuchoma niliupaka rangi nyeusi, na kweli mpaka saa nne usiku ukuta bado una uvuguvugu, hapo sina lawama.

Shida ni juu. Chini ya mabati nimeweka sufi ya kuzuia joto halafu dari ya mbao, na mianya yote nikaziba joto lisitoroke. Sasa alfajiri mabati yanatoa jasho, sufi imelowa na dari imeanza ukungu mweusi. Nadhani ni mvuke wa kupika na wa watu wanne tunaolala humo unapanda unakutana na bati la baridi. Nimejaribu kufungua dirisha jioni, jasho likapungua ila joto lote likaondoka, wife akanuna.

Fundi anasema nitandike nailoni juu ya sufi, mimi naona ikae chini yake, upande wa chumbani. Nani yuko sahihi? Na nikitoboa matundu ya hewa kati ya sufi na bati, nitapoteza joto la chumba au la?