Tupeane uzoefu: sanaa shuleni baada ya mfadhili kuondoka

Mwalimu wa Buchosa
Mwangaluka wadau. Nafundisha shule ya msingi huku visiwa vya Ziwa Victoria. Kwa miaka mitatu tulikuwa na mradi wa sanaa: ngoma, kuchora, maigizo. Mfadhili alitupa ngoma sita, rangi, na mwalimu aliyekuja kila Ijumaa kutoka mjini kwa posho na nauli. Mradi uliisha Desemba. Juzi nimefungua stoo tunamoweka mahindi ya uji nikakuta panya wametoboa ngozi za ngoma mbili, ya tatu imelegea, ukiipiga inatoa sauti ya ndoo yenye maji. Watoto wananiuliza Ijumaa kuna nini. Nawaambia kuna hisabati.

Waliowahi kupita hapa walifanyaje? Neno "uendelevu" naomba mliache, nimeliandika kwenye ripoti zote tatu.

Fundi wa Kisesa
Mwalimu, ngoma unaiwekaje chumba kimoja na mahindi ya uji? Panya hana kosa. Zitundike juu, mbali na ukuta wenye unyevu. Iliyolegea ianike juani kabla ya kupiga, au ipashe kwa moto wa mbali. Zile mbili nenda machinjioni ukachukue ngozi ya ng'ombe, iloweke, iwambe ikiwa bado mbichi, uiache ikauke yenyewe.

Sisi tumekulia jirani na Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, wanashindana ngoma tangu enzi za babu zetu, na hakuna aliyewaandikia andiko la mradi.

Mama Nansio
Fundi, hao ni watu wazima wenye ng'ombe zao. Mtoto wa darasa la tatu anatoa wapi ngozi?

Ukerewe sisi tulianguka vibaya kuliko mwalimu. Tuliletewa kinanda cha umeme, shule haina umeme. Kilikuwa kinapelekwa kuchajiwa senta kwa baiskeli, siku moja adapta ikaungua na habari yake ikaishia hapo. Bado kipo ofisini, kimefunikwa kitambaa kama marehemu.

Kilichotuokoa ni mwezi. Kijiji chetu ni cha dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika na akina baba wako nyumbani. Basi maonyesho ya shule tukayahamishia jioni za mbalamwezi. Mara ya kwanza watu walikuja kucheka watoto wao. Mara ya pili babu mmoja akaja na nanga yake, ile ala ya nyuzi, akakaa na wanafunzi hadi giza likaingia. Sasa anakuja kila Jumatano. Hatumlipi posho. Akina mama wanampa dagaa, na mwenye mtumbwi humvusha bure. Mwaka wa nne huu.

Mkuu mstaafu, Magu
Mama Nansio, hongera, ila mwambie mwenzio na upande wa pili. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Inayofika shuleni inagombaniwa na chaki, karatasi za mitihani na bawaba za milango. Kudai wazazi huwezi, michango ya lazima ilifutwa elimu ilipokuwa bila malipo. Anayetoa atoe kwa hiari, na uwe na kumbukumbu ya kikao, la sivyo utaitwa ujieleze.

Fedha lakini haikutuua sisi. Tulikuwa na kijana aliyesoma sanaa chuo cha ualimu Butimba, anaandika nyimbo, anafundisha kwaya, tulifika ngazi ya mkoa kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Akahamishwa katikati ya muhula. Ufunguo wa kabati aliuacha, nyimbo zikaondoka naye kwa sababu hakuna aliyeziandika. Tangu hapo nikaweka sheria kwamba kila wimbo uwe na walimu wawili na daftari moja.

Mzazi Misungwi
Mtoto akifeli mtihani wa darasa la nne mtampa ngoma?

Mkuu mstaafu, Magu
Ndugu yangu, kwenye mtaala mpya Sanaa na Michezo ni somo, liko kwenye ratiba. Hiyo Ijumaa mwalimu asiombe ruhusa kwa mtu, afungue tu vitabu.

Fundi wa Kisesa
Na kama ngozi inasumbua, anza na bugobogobo, ngoma yetu ya kucheza na majembe. Jembe lipo kila nyumba, na ngoma nne nzima unazo.

Mwalimu wa Buchosa
Wabeja sana. Ni tatu nzima, Fundi, ya nne ndiyo hiyo ya ndoo. Jumamosi navuka kwenda machinjioni. Mama Nansio, kile kinanda ni volti ngapi? Shemeji yangu anatengeneza redio hapa senta, nikipata namba za adapta namuuliza.

Mama Nansio
Imeandikwa chini, herufi zimefutika. Nitakisugua kesho nikusomee.