Mjadala: Muziki wa asili ni wa aliyezaliwa nao, au wa aliyeufuata kwa wazee?

Mleta mada:
Wakuu, tangu 2024 banjo (ala ya nyuzi) ya mwanamuziki Mmarekani Rhiannon Giddens iliposikika kwenye wimbo wa kantri wa Beyoncé, watu wanabishana mtu mweusi anatafuta nini kwenye muziki unaodhaniwa ni wa wazungu. Mimi langu ni jingine. Giddens alizaliwa 1977 Greensboro, North Carolina, mama mweusi, baba mzungu. Akasomea uimbaji wa opera Oberlin, jimbo la Ohio. Banjo kaishika ukubwani, chuo kimeshaisha. Mwaka 2005 alihudhuria mkutano wa wapiga banjo weusi mjini Boone, North Carolina, akakutana na wanamuziki wenzake Dom Flemons na Justin Robinson. Baada ya hapo wakawa wanakwenda kila wiki mji wa Mebane, nyumbani kwa Joe Thompson, mpiga fidla mweusi aliyezaliwa 1918. Mzee alirithishwa na baba yake, enzi za dansi za usiku watu wakishamaliza kumenya mahindi. Binamu yake Odell, aliyekuwa akimpigia banjo, alishafariki 1994, hivyo nafasi ilikuwa wazi. Hakuna noti: mzee anapiga, vijana wanafuata. Nasema urithi wa Giddens umetoka kwenye sebule ile, sio kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unapamba. Mzee kafanya kazi kiwanda cha samani, vijana wakabeba Grammy 2011 na kundi lao, Carolina Chocolate Drops. Na sauti ile ya opera imefundwa kwa ajili ya kumbi za watu wenye tai. Mtu wa shamba haimbi vile.

Mleta mada:
Mzee hakusahaulika, ndugu. Mwaka 2007 alipewa National Heritage Fellowship, tuzo ya taifa ya wasanii wa jadi. Na kusomea opera kulikohuko ndiko kulikozaa *Omar*, opera aliyoitunga na mtunzi Michael Abels wakapata tuzo ya Pulitzer ya muziki 2023. Inamhusu Omar ibn Said, msomi Mwislamu wa Futa Toro, Afrika Magharibi, aliyeuzwa utumwani na kuandika maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831, hukohuko North Carolina. Wapiga banjo wangapi wangeiweza kazi hiyo?

Mchangiaji wa pili:
Kaka zangu, mnamhoji binti mnawaacha wenye kampuni. Banjo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani. Ndugu yake, akonting ya Wajola, bado inapigwa Senegal na Gambia. Miaka ya 1920 kampuni za santuri zikagawa soko: blues iuzwe kwa weusi, fidla na banjo kwa wazungu. Bendi nyingi za weusi za fidla na banjo hazikurekodiwa kabisa. Mtoto mweusi wa Greensboro angezaliwaje nao wakati mnyororo ulishakatwa? Ilibidi amtafute mzee.

Mchangiaji wa kwanza:
Sawa dada. Basi mzungu aliyekaa sebule ileile naye ni mrithi?

Mleta mada:
Ni mrithi wa nyimbo, ndiyo. Mradi amtaje Joe jukwaani, kama Giddens anavyomtaja.

Mchangiaji wa pili:
Kutaja jina hakugharimu kitu. Nyimbo za jadi hazina mwenye hakimiliki, kwa hiyo anayezirekodi anasajili upangaji wake, yaani namna alivyoupanga muziki, na mirabaha ya upangaji inakwenda kwake. Familia ya mzee inapata nini? Hapo ndipo ningependa mnijibu, mweusi au mzungu.